Niambie Siku ya Tano

Katika watu wote walionunua miche kwangu tangu nifungue kitalu, ni mmoja tu niliyekuwa namwogopa. Nimewauzia wakuu wa shule, mapadri, na wafanyabiashara wa mbao wenye magari mawili mawili, na hakuna hata mmoja aliyenifanya nifute mikono kwenye suruali kabla ya kumsalimia. Yeye akishuka kwenye basi la Makambako, akavuka barabara na kikapu chake mkononi, nilianza kuikagua miche yangu haraka haraka kama mwanafunzi anayetazama kucha zake kabla mwalimu wa zamu hajafika kwenye mstari wao.

Tulimwita Mama wa Gesti. Jina lake kamili lilikuwa kwenye leseni iliyotundikwa ukutani pale mapokezi, lakini sikuwahi kumsikia mtu akilitumia. Alikuwa Mwislamu na mtu wa kuja, kama walivyo wengi pale Makambako. Kuna waliosema katokea Kondoa, kuna waliosema Tabora, na mwenyewe akiulizwa alijibu kwamba katokea stendi. Gesti yake ilikuwa mtaa mmoja nyuma ya barabara kuu, vyumba vinane vilivyozunguka kiwanja cha ndani, na wateja wake walikuwa madereva wa malori ya Tunduma, wanunuzi wa mahindi, na watu waliokosa basi la kuendelea na safari. Kwa Kibena alijifunza neno moja tu la salamu, "kamwene", na alilitumia asubuhi, mchana, jioni na hata kwenye misiba.

Kitalu changu kipo Njombe, kando ya barabara, mwendo wa saa moja na ushee kutoka kwake. Nauza miche ya parachichi na misindano, na mwishoni kabisa kuna mstari wa mawaridi. Mawaridi hayakuwahi kuniweka mjini. Niliyapanda kwa sababu yanawasimamisha wapita njia, na mtu akishasimama kuangalia ua, unamuuzia parachichi bila taabu. Mama wa Gesti alikuwa mteja wa kwanza kuyapita maparachichi yote bila kuyaangalia.

Siku hiyo ya kwanza alikuja na kipande cha ubao kwenye kikapu. Upande wa chini kilipakwa rangi ya mafuta nyekundu iliyoiva, karibu na kahawia, na upande wa juu rangi ya malai. Alikisimamisha chini, akakiegemeza kwenye ndoo yangu, halafu akaanza kusogeza kopo moja moja la waridi mbele yake. Kila akiweka kopo, alirudi nyuma hatua sita, akakunja macho, akatazama.

"Huu ndio ukuta wangu," alisema. "Sitafuti ua la kitalu chako. Natafuta ua la ukuta huu."

Nilikuwa na waridi jekundu lililochanua vizuri, lile nililolitegemea kusimamisha watu. Akaliweka mbele ya ubao, na mimi mwenyewe nikaona limepotea. Jekundu liliingia kwenye rangi ya ukuta likabaki jani tu.

"Na hapo bado vumbi la Makambako," akasema, akalirudisha mahali pake.

Akachukua lingine, la pinki, akalinusa, akageuza majani kuangalia upande wa chini kama yana kutu. Ndipo akaniuliza swali ambalo sikuwahi kuulizwa na mteja.

"Hili siku ya tano likoje?"

Sikumwelewa. Akanieleza taratibu, bila kunicheka. "Siku ya kwanza kila ua ni zuri, hata la boga. Wewe unaliuza siku ya kwanza. Mimi nakaa nalo. Niambie siku ya tano linafananaje."

Ukweli ni kwamba sikujua. Nilikuwa nimeuza mawaridi miaka mitatu bila kulitazama ua likizeeka, maana likianza kulegea nilikuwa nalikata nalitupa ili mche uonekane mpya. Siku hiyo hakununua kitu. Aliniambia niangalie, atarudi. Nikaanza kuangalia, na tangu hapo sijaacha. Kuna mekundu ambayo siku ya tano yanageuka zambarau kama mtu aliyepigwa ngumi. Kuna meupe yanayogandia kwenye kikonyo, yakaoza hapo hapo, na kuna mengine yanayodondosha petali zake zote kwa pamoja, safi, ukaamka ukazikuta chini. Pinki nyingi zinavumilia. Kila nilichokijua kuhusu mawaridi kabla ya swali lile kilikuwa ni bei na maji.

Sasa niseme jambo ambalo nimekaa nalo miaka zaidi ya ishirini, kwa sababu bila hilo mtu hawezi kuelewa kwa nini nilimwogopa. Safari ya pili alipokuja, alikuwa anataka njano. Si njano yoyote. Alitaka njano ya kiini cha yai la kuku wa kienyeji, na alisema ni ya mlango mmoja maalumu. Mimi sikuwa na njano. Nilikuwa na vijiti kumi na vitano nilivyopewa na rafiki yangu aliyekuwa kibarua kwenye shamba moja la maua, vimeshika mizizi, vina majani mazuri, havijawahi kuchanua, na wala rafiki yangu hakujua ni vya rangi gani. Ulikuwa msimu mbaya na sikutaka aondoke tena mikono mitupu. Nikachukua kopo lenye mche wenye nguvu kuliko yote, nikamwambia kwa macho makavu kwamba hiyo ni njano.

"Siku ya tano?"

"Inabaki njano vile vile, mama."

Akanitazama muda mrefu kidogo. Halafu akasema, "Haya," akaitia kwenye kikapu.

Mwaka uliofuata ndugu za ule mche walichanua pale kitaluni. Walitoa viua vidogo vyeupe vya petali tano, kama vya miiba ya porini, na vikapukutika siku ya pili. Nilipomuuliza rafiki yangu, akauliza wenzake shambani, ndipo nikajua nilichouza. Lile halikuwa waridi la kupamba. Lilikuwa shina pori, lile wanalolitumia mashambani kulibebesha waridi lenyewe, yaani kulipandikiza juu yake, kama sisi tunavyobebesha parachichi. Kwa maneno mengine, nilimuuzia mama yule mguu nikamwambia ni uso. Niling'oa ile mingine yote nikaichoma moto.

Yeye alirudi kama kawaida. Akanunua pinki mbili na chungwa moja, akalalamikia udongo wa kwenye makopo, akapanda basi. Kuhusu njano hakusema neno, na mimi sikuuliza. Hakuniuliza njano tena maisha yake yote ya kununua kwangu, na kila alipokuja nilijiambia kwamba safari hii nitasema, nikaishia kumchagulia mche bora kuliko yote niliyokuwa nayo. Nadhani hakuna mteja aliyepata miche mizuri kama aliyopata yeye.

Gesti yake nilianza kulala nilipokuwa napeleka miche Makambako. Milango ya vyumba ilikuwa na namba, lakini hakuna aliyezitumia. Mbele ya kila mlango kulikuwa na waridi moja, na mteja aliomba chumba kwa rangi. Niliwasikia madereva wenye sauti za kutisha, watu waliotoka kubadilisha tairi la lori kwenye tope, wakisema, "Mama, ile ya pinki ipo?" Yeye alijibu kwamba pinki imechukuliwa, ila chungwa ipo na leo limechanua vizuri.

Majina ya kitaalamu ya mawaridi hakuyajua wala hakuyataka. Aliyapa majina yake mwenyewe. Karani lilikuwa la pinki hafifu, limesimama wima, likifunguka saa ile ile kila asubuhi. Mwenyekiti lilikuwa na kichwa kikubwa na shingo dhaifu, kila mvua ikinyesha linainama. Shemeji lilikuja na maua mengi kwa wiki mbili, halafu likapotea miezi mitatu. Alinitambulisha kwa yote nilipofika mara ya kwanza, akipita mlango kwa mlango, na nilijikuta nataka kuyapa mkono.

Alikuwa na mkono wa birika kwa maji. Mgeni alipata ndoo moja ya kuoga, na maji ya bafuni yalikuwa na mfereji wake unaoelekea kwenye mawaridi. Sabuni za kunukia sana alizikataza kwa sababu, alisema, Mwenyekiti hazipendi. Kuna mnunuzi mmoja wa mahindi aliyelalamika kwamba kalipia chumba halafu anawaogea maua. Akamjibu kwamba maua yapo pale mwaka mzima na yeye anaondoka kesho.

Ukali wake ulikuwa na mipaka ya ajabu. Jioni moja nikiwa pale, dereva wa lori la mbao alishindwa kufika chooni akajisaidia kwenye shina la Karani. Mama alimfukuza pale pale, akamwekea begi lake nje ya geti, na hakuna aliyethubutu kumtetea. Nusu saa baadaye nilimwona akitoka na chupa ya chai na blanketi, akaenda mpaka lilipoegeshwa lile lori, akagonga mlango wake, akampa. Aliporudi nilimuuliza mbona. Akasema, "Nimemfukuza gesti, sijamfukuza duniani. Kuna baridi."

Mgeni kuchuma ua ilikuwa mwiko. Lakini mtu akilala pale akiwa anakwenda kwenye msiba, au anampeleka mgonjwa hospitali kule Lugarawa, asubuhi alikuta ua moja limekatwa, limefungwa kwenye karatasi mbichi, limewekwa juu ya mzigo wake. Kwa harusi hakutoa hata moja. Alisema maharusi wana maua yao ya plastiki na wanaonekana wameridhika nayo.

Habari zake zilienea, na watu wakaanza kumtaka awachagulie rangi za nyumbani kwao. Hakukubali kuchagua bila kuiona nyumba. Jirani yake mmoja, mjane anayekaa kwenye nyumba ya matofali ya kuchoma ambayo haijapigwa plasta, alitaka mawaridi mekundu kwa sababu ndiyo aliyoyaona kwenye kalenda. Mama alikwenda kwake asubuhi, akarudi mchana, akarudi tena jioni, akikaa tu na kuangalia. Mwisho akamuuliza, "Ukichambua maharage unakaa wapi?" Mjane akamwonyesha kigoda chake nyuma ya jiko. Basi akaamuru waridi lipandwe pale nyuma, la pinki iliyokolea ili lisigombane na matofali, mahali ambapo mpita njia hawezi kuliona hata akitaka. Mjane alinung'unika wiki nzima. Leo hii ukienda kwake anakukaribisha nyuma kabla hajakukaribisha sebuleni.

Halafu kuna tajiri wa mbao aliyejenga nyumba yenye nguzo nne, vigae vya bluu na geti la rangi ya dhahabu. Alikuja gesti na simu yake, amejaza picha za mawaridi ya kila rangi, hata ya bluu, na alitaka yote. Mimi nilikuwepo, na nilishaanza kupiga hesabu ya makopo kichwani. Mama aliisukuma simu pembeni na kidole kimoja.

"Simu inatia chumvi," akasema. "Twende nyumbani kwako."

Tulikwenda. Alisimama getini muda mrefu, akazunguka nyumba nzima, akarudi.

"Mwanangu, nyumba yako inaongea sana. Ukiiwekea na maua ya kuongea, hapa hapatakalika. Panda meupe matupu."

Yule bwana alikasirika, nami nilikasirika zaidi yake, kwa kuwa meupe nilikuwa nayo machache. Alikaa miezi miwili amenuna, halafu akanipigia simu anataka meupe ishirini. Siku hizi watu wakipita pale wanapunguza mwendo. Wanasema nyumba ni nzuri, na hawajui kwamba wanayatazama maua.

Hata kwangu Njombe alituchagulia. Basi lake liliharibika akalala kwetu, na asubuhi mke wangu akamweleza kwamba anataka waridi jeupe mlangoni. Mama alitoka nje akiwa amejifunga blanketi. Ulikuwa mwezi wa saba, ukungu umelala mpaka kwenye kizingiti. Akasema, "Nyeupe hapa kwenu asubuhi yote haionekani. Panda chungwa." Tukapanda chungwa. Mpaka leo nikirudi nyumbani wakati wa ukungu, kitu cha kwanza kuonekana kwenye boma langu ni lile ua, kabla ya paa, kabla ya mbwa.

Alikuwa na makosa yake. Aliwadharau watu waliochanganya rangi mbili kwenye ua moja, akasema ua la mistari halijui linataka nini, lakini chumba cha pili alikuwa nalo, na nilipomkumbusha alisema lile ni la wageni wasiojua wanataka nini. Hakukubali kukosolewa. Alikuwa na tabia ya kurundika udongo na samadi shingoni mwa kila waridi, kichuguu kizima, akakizungushia mawe. Mimi kama mtu wa miche nilimwambia mara moja kwamba shingo ya mche inataka hewa. Akaniambia kila mtu na kwake. Nikanyamaza, kwa sababu mawaridi yake yalikuwa yananisuta. Watu wengine wa Makambako walionunua kwangu miche ile ile walikaa nayo mwaka mmoja au miwili, halafu upepo wa kiangazi, udongo mgumu na mchwa vikaimaliza. Ya kwake yalinenepa. Nami sikuona haya kuyatumia. Mteja akilalamika kwamba mche wake umekufa, nilimwambia, "Nenda kaone miche yangu kwa Mama wa Gesti, halafu urudi uniambie tatizo ni mche au ni wewe."

Kitu kimoja tu kwenye gesti ile kilinikosesha amani. Mlango wa chumba chake mwenyewe, karibu na mapokezi, haukuwa na waridi. Kulikuwa na duara la mawe yaliyopakwa chokaa, udongo wake laini, umepaliliwa, umemwagiliwa, na ndani yake hamna kitu. Lilikaa hivyo mwaka baada ya mwaka. Wageni walimuuliza mbona yeye hajajipandia, naye alijibu neno lile lile, "Langu lipo njiani." Kila nilipolisikia nilipata shughuli ya kufanya kwenye viatu vyangu. Nilijua lile duara lilikuwa la rangi gani.

Mwaka jana, mwezi wa kumi, kabla mvua hazijaanza, binti yake alinipigia simu. Ndiye anayeendesha gesti sasa.

"Mjomba, mama alipata kiharusi. Anaendelea vizuri, ila mkono wa kulia umelala. Anasema uje."

"Nitakuja kumwona kesho."

"Anasema uje na kisu chako cha kazi. Na kijiti cha njano."

Nikakaa chini kwenye ndoo. Njano nilikuwa nayo, aina mbili, kwa miaka mingi sasa, na sikuwahi kuthubutu kumpelekea, maana kumpelekea njano ya kweli kungekuwa kukiri ile ya uongo. Asubuhi nikakata kijiti kwenye ile iliyokuwa karibu zaidi na kiini cha yai, nikakifunga kwenye gazeti lenye maji, nikapanda basi. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Niliona aibu kwamba nimengoja mpaka mtu akaugua.

Nilimkuta amekaa kwenye kiti cha plastiki nje ya mlango wake, mtandio umefungwa vizuri, mkono wa kulia mapajani kama kitu alichoshikishwa na mtu mwingine. Mdomo ulikuwa umekwenda upande kidogo. Maneno yalikuwa mazima.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kamwene. Umenenepa."

Nikachuchumaa mbele yake. Nilijua nikianza kuuliza habari za dawa na hospitali nitapitiliza tena, kama nilivyopitiliza miaka yote. "Mama, kuna jambo nataka kukwambia kabla ya lolote. Ile njano niliyokuuzia mwanzoni kabisa. Haikuwa njano. Sikujua ilikuwa nini, nikakwambia najua. Nimekudanganya mama, na nimekaa kimya."

Hakushtuka. Alinyoosha mkono wa kushoto. "Ninyanyue. Tutembee."

Tulikwenda pole pole tukivuka kiwanja, akiniegemea, tukapita kwenye tangi la maji na kibanda cha mabati. Huko nyuma ni pa kufulia, wanawake wanaanika nguo zao, na mimi kwa miaka yote sikuwahi kufika. Alikisukuma kimlango. Ukuta wote wa nyuma, toka kona mpaka kona, ulikuwa umefunikwa na mti mmoja. Shina lake lilikuwa nene kama kifundo cha mkono wangu, na ulikuwa umejaa viua vyeupe vya petali tano, na nyuki walikuwa wanavuma ndani yake.

"Unaufahamu?" akauliza.

"Naufahamu."

"Hiyo ndiyo njano yangu."

Nikausogelea. Niliona matawi yake yamekatwa sehemu nyingi, makovu ya miaka na miaka, mengine yamepona kabisa, mengine ya juzi juzi. Mti haukatwi hivyo kwa kupogoa. Hivyo unakatwa na mtu anayechukua vijiti.

"Nenda kwa Karani," akasema. "Fukua shingoni."

Nikaenda. Nikapiga magoti mbele ya chumba cha kwanza, nikaondoa mawe, nikakiondoa kile kichuguu kwa vidole. Nimebebesha maparachichi tangu nikiwa kijana, sihitaji kuelezwa ninachokiona. Palikuwa na fundo. Chini ya fundo gamba lilikuwa la shina pori, na juu yake ndipo pinki ilipoanzia. Nikaenda kwa Mwenyekiti, nikafukua, nikakuta fundo. Kwa Shemeji, fundo. Vyumba vyote vinane.

Aliponikuta nimekaa chini na mikono ya udongo, alikuwa ameshikwa mkono na binti yake, na alikuwa anacheka kwa upande mmoja wa uso.

"Miche yako nilikuwa naipa mwaka," akasema. "Ikianza kunywea, nachukua jicho lake la kuchipua, nalipandikiza kwenye kijiti cha mti ule. Mchwa hawauwezi. Upepo hauuwezi. Maua yote unayowatangazia watu yamesimama juu ya uongo wako."

"Nani alikufundisha kubebesha?"

"Wewe. Nilikuwa nangojea basi pale kitaluni, na wewe unabebesha maparachichi huku unapiga soga. Mdomo wako sikuuamini. Nikaitazama mikono."

"Na mbona hukuniambia, mama? Miaka yote hii."

"Ningekwambia ungeomba radhi, tungesameheana, ungeacha kuniogopa. Ulivyokuwa unaniogopa ulikuwa unanipa miche mizuri."

Binti yake alicheka mpaka akageuka pembeni. Mimi nilicheka pia, na macho yalikuwa yananiwasha, na siwezi kusema ilikuwa ni kwa sababu ya udongo. Nilikuwa nimembeba mama yule moyoni kama mtu niliyemwibia. Kumbe yeye alikichukua kile kitu kibaya nilichompa, akaona kina mizizi, akakifanyia kazi.

Turudi kwenye lile duara la mawe. Nilikuwa sijafika pale zaidi ya mwaka, na safari hii halikuwa tupu. Mwaka mmoja nyuma, mkono ukiwa bado mzima, alikuwa amechomeka pale kijiti cha ule mti, na kilikuwa kimeshika, kimefikia unene wa kidole. Alichokosa sasa ni mkono wa kufanya kilichobaki. Nikafungua gazeti, nikatoa kijiti changu cha njano, nikanoa kisu kwenye jiwe. Nikapasua gamba la shina karibu na ardhi, nikakata jicho moja lenye afya, nikalisukuma chini ya gamba mpaka likalala vizuri. Yeye alikuwa amerudishwa kwenye kiti chake, ameinama, ameshika ncha ya ukanda wa nailoni kwa mkono wa kushoto, mimi nazungusha. Hakuuachia. Nilipofunga fundo la mwisho, alikuwa bado ananitazama.

"Siku ya tano?" akauliza.

Nilikuwa nimemwogopa mtu huyu zaidi ya miaka ishirini kwa ajili ya swali hili. Nikaliwaza lile ua pale nyumbani, nilivyoliona mwezi uliopita na mwezi wa kabla ya huo.

"Siku ya tano linapauka, mama. Pembeni linakuwa kama maziwa, katikati inabaki njano kidogo. Mvua ikilikuta bado halijafunguka, halifunguki tena. Na lina miiba mibaya."

Akaitikia kwa kichwa pole pole, akaachia ule ukanda.

"Haya," akasema. "Sasa umeniuzia."